Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Ametaka Maoni Yako Kuhusu Fahrenheit 451

Safari hii tumeziweka pamoja barua zinazohusu riwaya moja, Fahrenheit 451 ya Mmarekani Ray Bradbury, iliyotoka Oktoba 1953. Kwa asiyeijua: Guy Montag ni askari wa zimamoto katika mji wa Marekani wa siku zijazo, ila askari hao hawazimi moto. Kazi yao ni kuchoma vitabu, pamoja na nyumba ambamo vimefichwa. Montag anakutana na Clarisse, msichana jirani mwenye maswali mengi, kisha anaanza kusoma vitabu ambavyo tayari alikuwa amevificha kwake. Mkewe Mildred anamshtaki kituoni. Montag anamuua mkuu wake, Kapteni Beatty, na kukimbilia kwa watu wanaohifadhi vitabu kwa kuvikariri. Riwaya ina sehemu tatu na kwa matoleo mengi haizidi kurasa 200, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutoimaliza.

Tulipewa insha ya maneno 800 ya kutoa mwitikio wetu kwa riwaya hii. Mimi niliandika 900. Imerudi na neno moja tu la wino mwekundu: "Muhtasari." Kitabu nimekisoma chote. Tatizo liko wapi?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Tatizo ni kwamba umemsimulia mwalimu kitabu alichokisoma kabla hujazaliwa. Jipime hivi. Chukua insha ile na kalamu mbili. Kila sentensi inayosema nini kilitokea, ipigie mstari mwekundu. Kila sentensi inayosema kwa nini mwandishi amelipanga jambo vile, au wewe unaliamini kiasi gani na kwa sababu gani, ipigie mstari wa bluu. Katika insha ya maneno 800, nyekundu ikizidi maneno 150 hivi, mwalimu wako ana haki.

Kisha jenga upya. Utangulizi wa maneno 100, usio na historia ya maisha ya mwandishi, unaoishia kwenye hoja kuu. Aya tatu za kati, kila moja maneno 180 hadi 200: dai katika sentensi moja, ushahidi kutoka kitabuni katika sentensi moja au mbili, halafu sentensi nne au tano za kueleza ushahidi huo unathibitishaje dai. Wengi hutoa ushahidi na kukimbilia aya inayofuata, ilhali alama nyingi ziko kwenye hizo sentensi nne. Maneno yanayobaki ni ya kufunga.

Hoja kuu nayo ina kipimo chake: je, mtu mwenye akili zake aliyesoma kitabu hicho hicho anaweza kuipinga? "Kupiga vitabu marufuku ni vibaya" haina mpinzani, basi haina kazi. "Katika riwaya hii tangazo la biashara linaua kitabu kwa urahisi kuliko moto" inaweza kubishaniwa, na inakulazimisha kurudi kwenye kurasa.

Turudi basi. Katika sehemu ya pili Montag amepanda treni ya chini ya ardhi, Biblia iko wazi mikononi mwake mbele ya watu. Anajua atalazimika kumpa Beatty kitabu, kwa hiyo anataka kukariri anachoweza kabla hajakikabidhi. Anakumbuka utotoni, ufukweni: binamu yake alimwahidi senti kumi akifaulu kujaza mchanga kwenye chekeche, na kadiri alivyomimina kwa kasi ndivyo mchanga ulivyopita kwa kasi. Sasa anajaribu kuushika mstari wa maua ya mashamba, yasiyofanya kazi wala kusokota. Wakati huohuo spika za behewa zinapiga tangazo la dawa ya meno ya Denham. Tazama Bradbury anavyoipanga sentensi: nusu mstari wa Injili, jina la dawa, nusu nyingine, jina la dawa tena. Montag anasimama na kupiga kelele. Abiria wenzake, ambao dakika moja kabla walikuwa wakigonga miguu kwa mdundo wa tangazo, wanamtazama kama mwendawazimu.

Mwandishi wa muhtasari ataandika: "Montag alishindwa kukariri kwa sababu ya kelele." Wewe uliza: ndani ya behewa lile, ni nani aliyekizuia kitabu? Hakuna askari aliyemnyang'anya. Kitabu kiko wazi, macho yako juu ya maandishi, na bado hakiingii. Hapo una aya nzima. Na hapo ndipo maisha yako yanapopata nafasi: sentensi mbili kuhusu kusoma ndani ya matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo zinatosha. Zikifika kumi umeanza insha nyingine.

Onyo moja zaidi. Karibu kila mwanafunzi huandika kwamba simu zetu ndizo kuta za televisheni za Mildred, yaani skrini kubwa zinazofunika kuta za sebule yake. Si kosa, ila limeandikwa na kila mtu. Ukitaka kulitumia, tafuta jambo dogo lenye makali. Kwa mfano, Mildred ni hodari wa kusoma midomo ya mumewe, kwa sababu kwa miaka 10 amekuwa na redio ndogo masikioni na hazitoi anapoongeleshwa. Hilo lina uzito kuliko aya nzima ya kulaani mitandao.

Darasani kwetu tumegawanyika. Wengine wanasema wa kulaumiwa ni serikali iliyochoma vitabu, wengine wanasema ni wananchi wenyewe. Mwalimu anacheka tu. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Arusha*

Kitabu kinaegemea upande wa pili kuliko wengi wanavyotarajia, lakini ushahidi wake una mtego, na huenda ndiyo sababu mwalimu anacheka.

Ushahidi mkubwa ni hotuba ya Beatty karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, anapomtembelea Montag kitandani na kuwasha kiko chake. Anaeleza hatua kwa hatua. Zilikuja picha, sinema, redio, televisheni, watu wakaongezeka, na kila kitu kikalazimika kurahisishwa. Vitabu vikuu vikakatwa viingie kwenye kipindi cha redio cha dakika 15, vikakatwa tena viwe safu ya kusomwa kwa dakika mbili, vikaishia mistari kumi au kumi na miwili kwenye kamusi. Kila kundi la jamii likalalamikia kitabu kinacholiudhi, waandishi wakaogopa, magazeti yakapoa hayana ladha, wasomaji wakaacha kununua. Kisha nyumba zikajengwa zisizoshika moto, askari wa zimamoto wakakosa kazi, wakapewa kazi mpya.

Beatty anasema jambo hili halikuanzia juu serikalini: hapakuwa na amri, wala tangazo, wala udhibiti, mwanzoni. Wanafunzi hunukuu sentensi hiyo na kuliacha neno la mwisho. "Mwanzoni" ndilo linalobeba hoja. Maana yake serikali iliingia baadaye, ikakuta shamba limeshalimwa. Ukilinukuu bila neno hilo umemfanya Beatty aseme asichokisema.

Mtego wa pili ni msemaji mwenyewe. Beatty ni mchomaji vitabu mkuu, na ana kila sababu ya kuwabebesha wananchi lawama. Usimtumie peke yake. Mpate shahidi wa upande wa pili: Faber, profesa mzee anayemchukia Beatty na kila anachokisimamia. Naye anakiri kwamba askari wa zimamoto hawahitajiki sana, maana watu waliacha kusoma kwa hiari yao. Yeye mwenyewe alipoteza kazi miaka 40 iliyopita, chuo cha mwisho cha fasihi na falsafa kilipofungwa kwa kukosa wanafunzi na wafadhili. Tena anajilaumu kwamba aliona mambo yanakoelekea na akanyamaza. Adui wawili wanapokubaliana juu ya jambo moja, una ushahidi wa kusimama nao.

Upande wa serikali nao usiachwe mikono mitupu. Wapeni sehemu ya tatu: msako wa Montag unaorushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na Mbwa wa mashine anayemuua mpita njia asiye na hatia ili watazamaji waone kesi imefungwa. Hilo halikufanywa na wasomaji wavivu. Insha nzuri itasema nani alianza na nani alimalizia.

Bradbury mwenyewe hatawamalizia ubishi. Katika miaka ya 1950 alisema aliandika akiwa na hofu ya uchomaji vitabu katika enzi za McCarthy, seneta wa Marekani aliyewasaka watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Mwaka 2007 aliliambia gazeti la LA Weekly kwamba watu wamemwelewa vibaya, na kwamba kitabu kinahusu televisheni inavyoua hamu ya kusoma. Mnukuu ukitaka, lakini kauli ya mwandishi miaka 50 baadaye ni ushahidi kuhusu mwandishi. Kuhusu kitabu, ushahidi ni kitabu.

Je, ni kweli karatasi huwaka kwenye nyuzi 451? Nataka kuanza nayo insha yangu.
*Msomaji, Dodoma*

Nyuzi 451 za Fahrenheit ni kama 233 za Selsiasi, na joto hilo liko katika eneo ambalo karatasi huweza kushika moto yenyewe. Lakini hakuna namba moja ya karatasi zote. Inategemea aina ya karatasi, unene, unyevu, na muda iliokaa kwenye joto. Andika "riwaya inataja" badala ya "sayansi imethibitisha". Na kama insha si ya fizikia, ianze kwingine. Sentensi ya kwanza ya riwaya, inayosema kwamba kuchoma kulikuwa raha, itakupa mengi zaidi kuliko kipimajoto.

Binti yetu wa miaka 15 anasoma kitabu hiki shuleni. Sisi wazazi Kiingereza cha fasihi kinatushinda. Tumsaidieje? Pia, ametazama filamu akidhani itamtosha, na nakala tuliyomnunulia kwenye duka la vitabu vya mitumba haifanani kabisa na ya shule.
*Mzazi, Minneapolis*

Mzazi, tuanze na filamu maana ndiyo inayowaangusha wengi. Ile ya 1966 ya François Truffaut haina Faber, haina Mbwa wa mashine, mke wa Montag anaitwa Linda, na Clarisse yu hai hadi mwisho. Julie Christie anaigiza wote wawili, mke na msichana. Kitabuni Clarisse anatoweka katika sehemu ya kwanza. Ile ya 2018 ya kituo cha televisheni cha HBO haina mke kabisa. Mwanafunzi akiandika kwamba Montag alimkuta Clarisse msituni, mwalimu anajua papo hapo alitazama nini. Atazame baada ya kusoma, si kabla.

Kuhusu nakala, angalieni ukurasa wa haki za uchapishaji, ule wenye miaka. Mwaka 1967 kampuni ya Ballantine ilitoa toleo la shule za sekondari ambalo vifungu kama 75 vilibadilishwa bila kumwambia mwandishi. Laana ndogondogo zilitolewa, neno la utoaji mimba likatolewa, mlevi akageuzwa mgonjwa. Kati ya 1973 na 1979 toleo hilo lililofyekwa ndilo pekee lililouzwa, hata kwa watu wazima. Riwaya ya kulaani ukataji wa vitabu ilikatwa na wachapishaji wake wenyewe, na Bradbury ameandika kwamba waliomwarifu ni wanafunzi, kwa barua. Mwaka 1979 aliandika maneno makali ya nyongeza kuhusu jambo hilo, na mwaka 1980 matini kamili ikarudi sokoni. Kwa hiyo nakala ya mitumba ya miaka ya 1970 isitumike kwa kunukuu. Lakini msiitupe! Binti akiziweka mbili sambamba na kuonyesha mahali pawili palipobadilishwa, ana insha ambayo darasani hakuna mwingine atakayekuwa nayo.

Kuhusu msaada wenu, Kiswahili kinatosha. Akimaliza kila sehemu, mkiwa mezani, muulizeni swali moja la "kwa nini" na mumwache aeleze kwa dakika tano bila kitabu. Sehemu ya kwanza: Clarisse anagongwa na gari, na Mildred anakaa siku nne bila kumwambia mumewe, kwa sababu amesahau. Mtu husahauje jambo kama hilo? Sehemu ya pili: Montag anawasomea wageni wa mkewe shairi. Bi Phelps anaangua kilio na Bi Bowles anakasirika. Kwa nini mmoja alie na mwingine aghadhibike kwa shairi hilo hilo? Sehemu ya tatu: Beatty amesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote kituoni, mbona anavichoma? Akijibu kwa kusimulia kilichotokea, mrudishieni swali: "Tumesikia. Lakini kwa nini?" Akishaweza kulieleza kwa Kiswahili, kuliandika kwa Kiingereza ni kazi ya saa mbili. Asipoweza, ujue hata Kiingereza chake kizuri kinaficha kitu.

Ninaruhusiwa kulinganisha riwaya hii na mambo ya kwetu, au nitaambiwa nimetoka nje ya mada?
*Mwanafunzi wa chuo, Mombasa*

Unaruhusiwa, kwa sharti la kulinganisha namna jambo linavyofanyika. Kusema "hata kwetu vitabu vimepigwa marufuku" ni sentensi ya gazeti. Onyesha nani alizuia, alizuia nini, kwa njia ipi, na maandishi yaliponaje.

Wewe wa Mombasa una mfano mlangoni. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Akiwa gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mfano wa pili ni riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986 na kukamatwa na polisi madukani mwaka 1987. Katika visa vyote viwili mkono ulitoka juu, na wasomaji walikuwepo wakisubiri. Huo ni mpangilio kinyume na ule wa Beatty, ambapo wasomaji waliondoka kwanza. Tofauti hiyo ndiyo faida yako. Inakuwezesha kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa Marekani haliulizi kwa urahisi: riwaya hii inafaa kueleza udhibiti wa kila mahali, au inaeleza udhibiti wa jamii iliyoshiba tu? Mildred anataka ukuta wa nne wa televisheni kwa dola 2,000, theluthi moja ya mshahara wa mumewe wa mwaka. Abdilatif, mfungwa wa gereza la Kamiti, hakuwa na tatizo hilo.

Ulinganisho ukae kwenye aya moja, ya pili kutoka mwisho, usiozidi robo ya insha. Ukiuweka mwanzoni utakumeza, na riwaya utaikumbuka maneno yakiwa yamekwisha. Na usilinganishe watu wanaokariri vitabu na wafungwa kwa sababu tu wote ni mashujaa. Wale wa Granger, kiongozi wa kundi hilo la msituni, wanangoja mji ubomoke ndipo watumike. Abdilatif hakungoja. Kama unaona kungoja kule ni udhaifu wa riwaya, liseme waziwazi; mwitikio haumaanishi kusifu.

Kitabu ni cha Kiingereza, insha naandika kwa Kiswahili. Ninukuu vipi?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Tafsiri mwenyewe, na mara ya kwanza useme kwamba tafsiri ni yako. Nukuu fupi: maneno 5 hadi 15, yakiwa ndani ya sentensi yako. Nukuu tatu au nne zinatosha insha ya maneno 800. Zaidi ya sita, mwandishi wa insha ni Bradbury. Usipitishe mistari kwenye programu ya kutafsiri na kuibandika ilivyo. Bradbury huandika kwa tashbihi zilizorundikana. Mashine ile ya kumsafisha Mildred tumbo baada ya kumeza vidonge, inayoshuka kama nyoka mweusi ndani ya kisima, ikipita kwenye programu inaweza kutoka kama maelezo ya bomba la maji.

Kila nukuu itajie sehemu na ukurasa, na mwishoni utaje toleo na mwaka wake, maana kurasa hutofautiana sana kati ya matoleo. Mwalimu akifungua ukurasa wa 58 kwenye nakala yake asikute ulichosema kipo, atadhani umekitunga.